Nyumba ya mchezo uani: chini au juu, paina au mtiki, bati au makuti?

Mtoto huanza kuifurahia nyumba ya mchezo akiwa na miaka mitatu hivi, na akifika tisa au kumi ameshahamia kwenye mpira na baiskeli. Katikati hapo kuna miaka sita au saba ya kujipikilisha, ya kucheza baba na mama, ya duka ambalo mchanga ndio sukari na majani ya mwembe ndiyo noti. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza, kabla hata hujashika tepu: mbao, paa na msingi vichaguliwe kwa ajili ya miaka hiyo sita au saba. Mzazi anayejenga kama vile nyumba itarithiwa na wajukuu hutumia fedha mahali pasipohitajika. Anayejenga kama vile ni ya sikukuu moja humwachia mtoto misumari iliyochomoza masika ya kwanza yakipita.

Ninayemfikiria hapa ni mzazi wa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro asiye fundi wa kazi, mwenye msumeno wa mkono, nyundo, drili ya kuazima na Jumamosi chache. Nyumba yenyewe ni ya futi 5 kwa 4, mbele ina kimo cha futi 5 na nyuma futi 4, paa likiteremka upande mmoja. Vipimo hivyo havikuokotwa. Mtoto wa miaka sita ana kimo cha futi 4 kasoro kidogo, kwa hiyo anasimama wima ndani bila kuinama, na mtu mzima akitaka kumfuata lazima ajikunje, jambo ambalo watoto wanalipenda sana. Tena mbao zetu nyingi huuzwa zikiwa na urefu wa futi 12: vipande vitatu vya futi 4 hutoka kwenye ubao mmoja bila kubaki kitu.

Chini au juu

Anza na uamuzi huu, kwa sababu unabadilisha mengine yote.

Watoto wanapenda kupanda. Nyumba iliyoinuliwa kwenye nguzo, yenye ngazi, inawavutia kuliko ile iliyokaa chini. Lakini kwa fundi anayejifunza, nyumba ya juu ni kazi nyingine kabisa. Nguzo zinatakiwa kuhimili watoto watano wanaoruka kwa pamoja, maana wa jirani watakuja. Ukingo unatakiwa umzuie mtoto asidondoke na wakati huohuo usimnase. Na ardhi ya chini inatakiwa iwe laini, kwa kuwa majeraha mengi ya kwenye viwanja vya michezo hutokana na kuanguka. Mwongozo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani unataka mchanga wenye kina cha inchi 9 pale ambapo mtoto anaweza kuanguka kutoka futi 4, na eneo hilo laini lienee futi 6 kila upande wa kifaa. Piga hesabu kwa nyumba yetu: ni eneo la futi 17 kwa 16, yaani karibu mita 6 za ujazo za mchanga. Uani kwa watu wengi hapatoshi hata kuumwaga.

Kinyume chake, nyumba iliyokaa moja kwa moja juu ya udongo ni karamu ya mchwa. Sakafu inalowa kwa chini, ubao unaoza, na wewe huoni kitu mpaka mguu wa mtoto utoboe.

Njia ya katikati ndiyo ninayoitetea: tofali sita za inchi 6, zilizolazwa juu ya udongo uliosawazishwa na kushindiliwa, kisha fremu ya sakafu juu yake. Sakafu inafika kama inchi 11 kutoka ardhini, hatua moja tu kwa mtoto ukimwekea tofali la kukanyagia. Upepo unapita chini na ubao unakauka haraka baada ya mvua. Mchwa naye akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya tofali, mahali unapoiona na kuibomoa kwa fagio. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita sioni sababu ya kwenda juu zaidi ya hapo. Kwa watoto wakubwa, ukiwa na fundi wa kukusaidia na uwanja wa kutosha, inua, lakini isizidi futi 4.

Kuhusu kujenga juu ya mti wenyewe, uache mwembe wako. Matawi yanayumba na kunenepa, kila kiungo kinalegea kwa wakati wake, na fundi wa kujifunza hana njia ya kujua ni tawi gani limeoza kwa ndani.

Mahali pa kuiweka pana uzito sawa na namna ya kuijenga. Kivuli cha mwembe ni kizuri. Chini ya mnazi au mfenesi, hapana, hata kama kivuli ni kizuri namna gani. Usiisogeze karibu na ukuta wa uzio, kwa kuwa paa litakuwa ngazi ya kufikia juu ya ukuta, na kuta nyingi za kwetu zimepandwa vipande vya chupa kule juu. Iweke mahali ambapo aliye jikoni anaweza kuona mlango wake.

Paina, mtiki, mapaleti na wenzao

Mbao za paina nyingi zinazoshushwa Dar es Salaam hutoka Nyanda za Juu Kusini, Njombe na Mufindi, kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill na mashamba ya wananchi yanayolizunguka. Ni nyepesi, msumeno wa mkono unazikata bila kukutoa jasho jingi, na kosa la kipimo linakugharimu ubao mmoja wa bei nafuu. Kwa anayejifunza, hiyo ya mwisho ndiyo faida kubwa kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba mchwa anazipenda, haziwezi unyevu wa kudumu, na mara nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Ubao mbichi utaujua kwa uzito na ubaridi wake mkononi. Ukiutumia hivyohivyo utasinyaa ukutani, na nafasi zitafunguka kila mahali. Nunua mapema, uzipange kivulini juu ya tofali, weka vipande vyembamba kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na uziache wiki tatu hivi. Dukani inua kila ubao usawa wa jicho uutazame kwa urefu wake: uliopinda kama upinde unaweza kukatwa vipande vifupi, uliojinyonga urudishe.

Mtiki una sifa zake, na sifa hizo ni za kweli. Wajerumani waliuleta mwishoni mwa karne ya 19, na leo unapandwa Longuza kule Muheza, Mtibwa kule Morogoro na katika bonde la Kilombero. Kiini chake cha rangi ya dhahabu iliyoiva kinamshinda mchwa na hakiogopi mvua. Lakini angalia unachouziwa. Mbao za mtiki mchanga zina sehemu kubwa ya weupe wa nje, na weupe huo hauna kinga ya kiini. Mchwa anaula kama ubao mwingine. Utakuwa umelipa bei ya mtiki kwa uimara wa paina. Halafu ni mzito na unayafanya meno ya msumeno kuwa butu haraka. Mtiki wa kiini ninaupa nafasi moja tu katika nyumba hii: fremu ya sakafu, ile inayokaa karibu na ardhi. Vipande vitatu vya mbili kwa nne (yaani inchi 2 kwa inchi 4) vya futi 12 vinatosha fremu nzima, na hapo kweli fedha imekwenda panapohusika. Kuta za mtiki kwa nyumba ya miaka saba sizioni maana yake.

Mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, yanawavutia wengi kwa sababu ni rahisi kuyapata maeneo ya viwandani na bandarini, na ubao wake umeshakauka. Kabla hujabeba, tafuta mhuri uliochomwa ubavuni. Mapaleti ya biashara ya kimataifa huwa na alama ya suke la ngano, na pembeni yake herufi. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya bromidi ya metili, inayoua wadudu na ni sumu kwa binadamu. Hizo ziache hukohuko. Lisilo na mhuri wowote haimaanishi lina sumu, ila hujui lilibeba nini, na paleti lenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa si la mtoto. Upungufu mwingine ni wa kazi yenyewe: kulibomoa bila kupasua mbao kunachosha, unene haulingani, na vipande ni vifupi. Kwa kuta ni mazuri, na tofauti za rangi zake zinapendeza. Kwa fremu, hapana.

Mirunda ya mkaratusi ni rahisi na ina nguvu, lakini kuunganisha vitu vya mviringo vikakaa wima na pembe zikawa sawa ni kazi ya aliyezoea. Mianzi inatoa ukuta unaopitisha upepo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Tatizo ni kwamba hupasuka ukiipiga msumari bila kuitoboa kwanza, ikipasuka inakata kama wembe, na mdudu aitwaye bungo huitafuna kwa ndani. Plaiwudi ya kawaida itaachana tabaka kwa tabaka baada ya mvua chache. Nyumba za plastiki za dukani zinakusimamia mchana mmoja, ila zikikaa kwenye jua letu mwaka hadi mwaka hupauka na kuwa kavu za kuvunjika.

Kwa hiyo ukuta wa paina wa moja kwa nane, fremu ya kuta ya mbili kwa mbili, sakafu ya moja kwa nane. Kwa vipimo vyetu ni kama mbao 8 za mbili kwa mbili na 12 au 13 za moja kwa nane, zote za futi 12, ukiwa umeacha mlango na madirisha mawili. Pandisha mbao za ukuta kuanzia chini, kila wa juu ukiulalia wa chini yake kwa inchi moja, maji yateleze nje.

Mbao za dawa na oili chafu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ushauri unaotolewa mtaani unaweza kumdhuru mtoto.

Muuzaji akisikia mchwa atakuelekeza kwenye mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Dawa inayotumika sana kwa mbao na nguzo za aina hiyo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Inafanya kazi kweli, nguzo za umeme zinasimama miaka mingi kwa ajili yake. Lakini aseniki, ambayo ni sumu, hutoka polepole kwenye uso wa ubao, na mtoto ndiye anayeushika ubao mchana kutwa kisha analamba vidole. Marekani, watengenezaji waliacha kuzitibu mbao za majumbani, pamoja na za vifaa vya michezo, kwa dawa hiyo mwishoni mwa 2003. Umoja wa Ulaya ukaweka marufuku ya namna hiyo 2004. Kwa sakafu na kuta za nyumba ya mtoto mimi siziweki. Na kama vipande vyake vipo nyumbani kwa kazi nyingine, visiingie jikoni hata kimoja. Ukivichoma, aseniki inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Hata maranda yake yasitandikwe kwenye banda la kuku.

Oili chafu ya gereji nayo watu wengi huipaka chini ya mbao, na kwa kenchi za juu ya dari sina neno. Kwa ubao utakaoguswa na mtoto ina mabaki ya metali na kemikali zinazohusishwa na saratani, inanuka kwa miezi, na inachafua nguo kila siku. Tofali sita na fagio vinafanya kazi ileile bila kumpaka mtoto kitu.

Bati au makuti

Makuti yanashinda kwa ubaridi, na si kwa tofauti ndogo. Saa nane mchana, Februari, ndani ya kibanda cha makuti mtoto anaendelea kucheza wakati mwenzake wa chini ya bati ametoka kwa joto. Kwa anayeishi pwani, makuti yanapatikana jirani na kuyafunga si kazi ngumu. Lakini yanataka mteremko mkali kuliko wa nyumba yetu ili maji yasikae, hudumu miaka mitatu hadi mitano kabla ya kubadilishwa, na ni makazi ya mende, panya na mara nyingine nyoka. Pia yanashika moto haraka, na watoto wanaojipikilisha kuna siku watataka moto wa kweli.

Bati mbili za mita 3, geji 30, zikikatwa katikati zinatoa vipande vinne. Vitatu vinafunika paa letu lote na kuning'inia inchi chache kila upande. Litadumu miaka yote ya nyumba bila kuguswa. Tatizo la joto linapunguzwa kwa mambo matatu: kivuli cha mti, mkeka wa ukindu uliofungwa chini ya bati kama dari, na nafasi ya hewa kati ya ukuta na paa. Nafasi hiyo iwe ya sentimita 7 tu. Upana wowote kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unapita na kichwa kinabaki. Mtego huohuo uuepuke kwenye ukingo, kwenye nondo za dirisha na kwenye ngazi. Makali ya bati yaliyokatwa yakunjwe au yafunikwe kwa fisha bodi, ubao wa ukingo wa paa, pande zote nne. Mkono wa mtoto ukiinuka utafika pale.

Bati ndiyo chaguo langu kwa bara na kwa mtu asiyetaka kurudia kazi. Kwa mtu wa Bagamoyo au Pangani mwenye minazi yake na mteremko wa kutosha, makuti yana haki yake.

Misumari au skurubu

Msumari ni rahisi na wa haraka. Skurubu ina faida mbili ambazo kwa kazi hii zinaifanya ishinde. Kwanza, haichomozi: ubao wa paina unapolowa na kukauka huusukuma msumari nje kidogo kidogo, na kichwa kilichochomoza ndicho kinachopasua goti. Pili, inafunguka. Ukiwa mpangaji, jenga kila ukuta peke yake ukiwa umelala chini, kisha uunganishe kuta nne kwa skurubu ndefu au boliti kwenye kona. Siku ya kuhama, nyumba inapanda kwenye kirikuu ikiwa vipande, na tofali unamwachia mwenye nyumba.

Usinunue zile skurubu nyeusi za jipsamu. Zinashika kutu nje na zinakatika shingo. Chukua zilizopakwa zinki, na ukiwa karibu na bahari hilo halina mjadala. Toboa tundu jembamba kwanza, hasa ukingoni mwa ubao, ndipo uingize skurubu.

Mlango nao uufikirie upya. Bawaba zinabana vidole, na komeo humfungia mdogo ndani. Pazia la kanga linafanya kazi yote ya mlango kwa watoto, na likichakaa linabadilishwa kwa dakika moja. Vioo kwenye madirisha, kamwe.

Rangi au vanishi

Vanishi inaonyesha uzuri wa ubao kwa miezi kadhaa, kisha jua linaibambua, na kuipaka upya maana yake ni kupiga msasa nyumba nzima. Rangi ya maji ya kuta za nje inafunika vizuri zaidi, haina harufu kali, na mtoto anaweza kushika brashi mwenyewe akapaka ukuta wake. Soma kopo: liandikwe kwamba halina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na makopo ya bei ya kutupa yasiyo na maelezo ndiyo ya kuyaogopa. Usisahau kupaka ncha za mbao zilizokatwa, kwani hapo ndipo maji huingia.

Wewe au fundi

Kazi ya kumpa mwenye mashine ni kupiga randa. Karibu kila soko la mbao lina mashine, unalipa kwa futi, na mbao zinarudi laini pande zote. Kuifanya kazi hiyo kwa randa ya mkono kwa mbao zaidi ya ishirini kutakumaliza kabla hujaanza kujenga. Kazi nyingine ya fundi ni nguzo, kama umeamua kwenda juu.

Fremu ya sakafu ifanye mwenyewe, na pembe zake zipime kwa 3, 4 na 5: pima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa futi 5 kamili, pembe ni sawa. Fremu ikiwa sawa, kuta zitakubali kukaa. Ikiwa imekwenda pembeni kwa inchi moja, utaipigania inchi hiyo mpaka kwenye bati.

Kabla watoto hawajaingia, pitisha soksi kuukuu kwenye kila ubao na kila kona, ndani na nje, kuanzia kimo cha magoti hadi juu ya kichwa cha mtoto. Panaponasa pana kibanzi, papige msasa. Rudia hivyo kila baada ya masika, na siku hiyohiyo kaza skurubu zilizolegea, angalia chini kwenye tofali, na ubomoe njia za mchwa utakazozikuta.